Kupima sumukuvu kwenye nafaka na chakula cha mifugo: kutoka guniani hadi namba ya mwisho

Chekeche (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa wanaopima sumukuvu (sumu zinazotengenezwa na kuvu) maabara na wanaopeleka sampuli kupimwa, ziwe mahindi, karanga, mashudu, pumba, chakula cha kuku au maziwa. Mijadala mingi huanzia kwenye mashine, ELISA (kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi) au HPLC (mashine inayotenganisha kemikali kwenye kolamu). Naomba huu uanzie kwenye gunia, maana huko ndiko majibu mengi huharibikia, na yakishaharibikia huko hakuna mashine ya kuyaponya.

Aflatoksini, moja ya sumukuvu hizo, haijasambaa sawasawa kwenye shehena. Punje chache sana ndizo hubeba karibu sumu yote. Punje moja ya karanga iliyoshambuliwa vibaya na kuvu Aspergillus flavus inaweza kuwa na kiwango cha µg 1,000,000 kwa kilo. Chukulia punje hiyo ina uzito wa gramu 0.5, maana yake imebeba µg 500. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo 20, sampuli nzima inasoma 25 µg/kg. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo 1, inasoma 500 µg/kg. Ikibaki guniani, unaandika "haikuonekana". Shehena ni ileile, majibu matatu, na kila fundi amefanya kazi yake vizuri.

Ndiyo maana taratibu za Umoja wa Ulaya kwa shehena kubwa ya nafaka hudai vichoto 100 vya takribani gramu 100 kila kimoja, jumla kilo 10, na kwa karanga hufika kilo 20. Kwa mahindi yenye sumu kidogo, makosa yanayotokana na kuchota sampuli huwa karibu robo tatu ya makosa yote ya jibu. Sehemu kubwa ya yanayobaki ni ya kusaga na kugawa. Mashine yenyewe huchangia asilimia chache tu.

Namna ya kuchota:

Kama nafaka inatiririka, wakati wa kupakua au kujaza ghala, kata mkondo mzima mara kwa mara kwa vipindi sawa. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu kila punje inapata nafasi ya kuchaguliwa. Kama iko kwenye magunia yaliyopangwa, bambo fupi linafikia ukingo tu. Tumia refu linalovuka gunia kwa mshazari, chota juu, katikati na chini ya rundo, na magunia ya katikati yatolewe kabisa. Kuchota magunia ya mlangoni pekee ni kupima mlango.

Halafu kosa ninaloliona kubwa kuliko yote: kilo 10 zinafika maabara, mtu anachota gramu 500 za punje nzima, anasaga hizo, zilizobaki zinatupwa. Hapo umerudi kwenye sampuli ya gramu 500. Saga kilo zote 10, zipite kwenye chekeche la tundu la mm 1 au dogo zaidi, changanya, ndipo ugawe kwa kigawanyio cha mifereji mpaka upate sehemu ya kupima. Usigawe kwa kijiko kutoka juu ya ndoo. Chembe kubwa hupanda na ndogo hushuka ndoo inapotikisika.

Sampuli yenye unyevu usiifunge kwenye plastiki na kuiacha kwenye gari lenye joto. Kuvu huendelea kukua humo, na jibu utakalopata ni la mfuko wako, si la shehena. Tumia mfuko wa karatasi au kitambaa, ikaushwe mapema ishuke chini ya asilimia 13, au igandishwe.

---

Kisima96

Nakazia hapo kwenye kusaga. Karanga na mbegu za mafuta hazisagiki kuwa unga, hugeuka bandiko na kuziba kinu, na joto la kinu likipanda mafuta yanatoka. Dawa yake ni kusaga pamoja na maji mpaka uji mzito ulaini kabisa. Pima uzito wa maji uliyoongeza na uyahesabu baadaye. Uji wa karanga na maji kwa uwiano wa 1:1 ukichota gramu 100, humo karanga ni gramu 50 tu. Na maji hayo yanaingia kwenye kiyeyusho pia. Kama utaratibu unataka methanoli ya asilimia 80, ongeza methanoli kwa hesabu inayojumuisha maji yaliyomo tayari. Wengi huongeza kiyeyusho kilekile cha unga mkavu, methanoli inashuka, sumu inabaki kwenye mabaki.

Sasa ELISA, maana ndiyo iliyoenea. Kits za aflatoksini nyingi huenda hivi:

Gramu 20 za unga, ml 100 za methanoli ya asilimia 70, tikisa dakika kadhaa kama kit inavyosema, acha itue, chuja. Toa kit kwenye friji saa moja au mbili kabla, visima (vitundu vya sahani ya kipimo) na vimiminika vyote vifike nyuzijoto 20 hadi 25. Kwenye visima vya kuchanganyia weka µl 100 au 200 za kiunganishi chenye kimeng'enya (sumu iliyofungwa kimeng'enya cha kutoa rangi), ongeza µl 100 za myeyusho sanifu (wenye kiwango cha sumu kinachojulikana) au sampuli, changanya kwa kuvuta na kurudisha mara tatu, hamishia µl 100 kwenye visima vyenye kingamwili. Subiri dakika 10 hadi 15. Mwaga, osha mara tano, gonga sahani juu ya karatasi kavu. Weka µl 100 za TMB (kemikali ya kutoa rangi), subiri dakika 5, rangi ya bluu inatokea. Weka µl 100 za asidi ya kusimamisha, inageuka njano. Soma kwenye nm 450.

La kukariri: hiki ni kipimo cha ushindani. Sumu na kiunganishi vinagombania kingamwili. Sumu ikiwa nyingi, rangi inapungua. Kwa hiyo kila kinachoua rangi kitakupa sumu ya uongo, na kila kinachoongeza rangi kitaficha sumu iliyopo:

Kuosha vibaya, kiunganishi kikabaki kisimani: rangi inapanda, sumu inaonekana ndogo. Hili ndilo la hatari, maana shehena mbaya inapita.

Azidi ya sodiamu kwenye maji ya kuoshea au kwenye bafa: inazima kimeng'enya, rangi inashuka, kila kitu kinaonekana kina sumu.

Kit bado baridi: rangi ni dhaifu visima vyote. Angalia kisima cha sifuri kwanza, kama hakikufika kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kit, usisome kingine chochote.

TMB ambayo tayari ina ubluu ndani ya chupa: tupa.

Kujaza visima taratibu kwa pipeti ya ncha moja: kisima cha kwanza kinapata dakika nyingi kuliko cha mwisho. Tumia pipeti ya ncha nyingi, na kwenye sahani ndefu rudia myeyusho sanifu mmoja mwanzoni na mwishoni. Vikitofautiana, unajua sahani yako imeteleza.

Na usisome nje ya mkunjo wa kalibresheni. Kama sampuli imevuka myeyusho wa juu kabisa, punguza mchujo kwa methanoli ileile ya asilimia 70, si kwa maji, rudia, zidisha.

---

Mashudu

Hiyo yote ni kweli kwa mahindi matupu. Mimi nauliza chakula cha mifugo kilichochanganywa. Kit imethibitishwa kwa mahindi, ngano, karanga. Tunaweka humo mashudu ya pamba, pumba, molasi, dagaa, chokaa, vitamini. Kingamwili inaona nini?

---

Kisima96

Inaona aflatoksini na vingine vinavyoingilia. Silaji (malisho yaliyovundikwa) pH yake ni karibu 4, ukiweka mchujo wake moja kwa moja rangi inakufa na unaandika sumu isiyokuwepo. Pima pH ya kila mchujo wa chakula cha mifugo kwa karatasi. Ikiwa nje ya 6 hadi 8, irekebishe kwa matone ya soda kali au asidi iliyopunguzwa, hesabu ujazo ulioongeza. Molasi na rangi nzito huingilia pia, lakini hizo huondoka nyingi kwenye kuosha.

Njia ya kujua: tafuta chakula cha aina hiyohiyo kisicho na sumu, ongeza kiasi unachokijua, pima. Ukirudisha kati ya asilimia 80 na 110, endelea. Usiporudisha, kit hiyo haifai kwa mchanganyiko huo, hata kama inafanya vizuri kwa mahindi.

---

MwangaBluu

Kwa michanganyiko naamini kolamu ya kingamwili na HPLC ndiyo njia inayokuachia usingizi. Kingamwili inakamata aflatoksini, uchafu unapita, halafu HPLC inatenganisha aina zake nne, B1, B2, G1 na G2. ELISA inakupa jumla tu, na kingamwili zake haziwaoni wote wanne kwa nguvu sawa. G2 mara nyingi huonekana kidogo.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa mahindi, kwa hesabu kamili:

Gramu 50 za unga na gramu 5 za chumvi, ml 100 za methanoli kwa maji 80:20, blenda yenye kasi dakika 1. Chuja kwa karatasi yenye mikunjo. Chukua ml 10 za mchujo, ongeza ml 40 za maji, chuja tena kwa nyuzi za kioo mpaka uwe mng'avu. Methanoli sasa ni asilimia 16. Ikizidi sana hapo kingamwili inalegea na kuachia. Pitisha ml 10 kwenye kolamu, tone moja hadi mawili kwa sekunde, usilazimishe kwa bomba la sindano. Osha kwa ml 10 za maji, mara mbili. Sukuma hewa hadi maji yaishe. Elua kwa ml 1 ya methanoli: nusu ipite, simamisha dakika 1 methanoli ikae na kingamwili, malizia. Ongeza ml 1 ya maji, jumla ml 2.

Hesabu: gramu 50 katika ml 100 ni gramu 0.5 kwa ml. ml 10 ni gramu 5, sasa ziko ndani ya ml 50. ml 10 ulizopitisha ni gramu 1 ya mahindi. HPLC ikisoma ng 3.1 kwa ml, mara ml 2 ni ng 6.2 kutoka gramu 1, yaani 6.2 µg/kg. Urejeshaji wako (sehemu ya sumu uliyoongeza ambayo kipimo kinairudisha) ukiwa asilimia 86, jibu lililorekebishwa ni 7.2.

Ona sasa mtego. Kolamu ya kawaida ina uwezo wa takribani ng 100. Kwa gramu 1 ya sampuli inajaa kwenye 100 µg/kg. Mashudu yenye 340 yatasoma karibu na 100, na yenye 600 yatasoma karibu na 100. Ukiona sampuli kadhaa mbaya zimepata namba zinazokaribiana kwa kushangaza, si bahati, kolamu imejaa. Rudia kwa ml 1 ya mchujo uliopunguzwa badala ya 10. Binafsi naona kila chakula cha mifugo kinachotiliwa shaka kipite ELISA kwanza, ujue kipo mamia au mamoja, ndipo uamue ujazo wa kolamu.

---

MwangaBluu

Naendelea na HPLC yenyewe.

Kolamu ya C18, maji, methanoli na asetonitrili kwa 60:20:20, kigunduzi cha mng'ao kwenye nm 365 na 435. Zinatoka kwa mpangilio: G2, G1, B2, B1. Ndani ya maji B1 na G1 hung'aa kidogo sana, kwa hiyo lazima zibadilishwe baada ya kolamu, ama kwa taa ya UV ya nm 254, ama kwa bromini inayozalishwa kwenye seli ya umeme. Ukiona vilele vya G2 na B2 viko safi lakini G1 na B1 havipo au ni vidogo mno, usianze kubadilisha kolamu. Taa imekufa, au umesahau potasiamu bromaidi kwenye kiyeyusho, au seli haina umeme.

Wanaotumia asidi ya trifluoroasetiki kabla ya kolamu hupata B2a na G2a badala ya B1 na G1, na hizo hutoka mapema, mbele ya G2 na B2. Mpangilio unabadilika, majina ya vilele yabadilishwe kwenye programu. Na mabadiliko hayo hayavumilii methanoli: yeyusha sampuli kwa maji na asetonitrili, isikae kwenye trei usiku kucha.

Fumonisini, sumukuvu nyingine, ni habari tofauti. Haina kitu cha kung'aa chenyewe, inahitaji kuunganishwa na OPA (kemikali inayoipa mng'ao), na zao lake huanza kufifia baada ya dakika chache. Weka muda uleule kati ya kuchanganya na kudunga, kwa sampuli na kwa miyeyusho sanifu. Kama mashine haichanganyi yenyewe, kaa na saa mkononi.

---

Dk_Zizi

Naongezea upande wa mifugo, kwa sababu maabara nyingi hupewa mfuko na kuambiwa "pima sumukuvu", kana kwamba ni kitu kimoja. Mwenye sampuli aandike mnyama na dalili.

Nguruwe wanakataa chakula au wanatapika: DON (deoksinivalenoli) kwanza. Nguruwe jike wachanga wamevimba uke bila kuwa na joto la kupandwa: zearalenoni. Farasi ana dalili za ubongo ghafla na anakula mahindi: fumonisini. Kuku wana vidonda vya manjano mdomoni: T-2. Bata na bata mzinga wanakufa na maini yameharibika: aflatoksini. Kumbuka ndivyo aflatoksini ilivyogunduliwa, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza mwaka 1960 kwa mashudu ya karanga.

Ng'ombe wa maziwa haonyeshi dalili mapema, lakini maziwa yanaonyesha. B1 anayokula hutoka kama M1 (aflatoksini ya kwenye maziwa), kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na kwa ng'ombe wenye maziwa mengi inaweza kufika karibu 6. Piga hesabu: kilo 6 za chakula chenye B1 ya 40 µg/kg ni µg 240 kwa siku. Asilimia 2 ni µg 4.8. Akitoa lita 20, maziwa yana 0.24 µg kwa lita. Hiyo iko chini ya kikomo cha Codex (viwango vya chakula vya kimataifa) cha 0.5 µg/kg na juu karibu mara tano ya kile cha Umoja wa Ulaya cha 0.05. M1 huonekana ndani ya siku moja ya kula na hushuka siku chache baada ya kubadilisha chakula, kwa hiyo sampuli ya chakula na ya maziwa zichotwe pamoja. Mfuko wa chakula wa wiki iliyopita hauelezi maziwa ya leo.

Kwa M1, pasha maziwa hadi nyuzijoto 37, zungusha kwenye sentrifugi, ondoa malai yote, pitisha ml 50 kwenye kolamu taratibu. Malai yakibaki, kolamu inaziba.

---

Mashudu

Na taa ya UV ya kumulika mahindi? Wafanyabiashara wengi wanaitegemea.

---

Dk_Zizi

Inayong'aa kijani-njano chini ya nm 365 si aflatoksini. Ni zao la asidi ya koji ambayo kuvu huyo huitengeneza pia. Mahindi yanaweza kung'aa yakiwa na sumu kidogo, na yasing'ae yakiwa nayo nyingi. Inafaa kukuambia mahali pa kuongeza vichoto, haifai kukubali wala kukataa shehena.

---

Ioni313

Wenye LC-MS/MS (mashine inayotambua sumu kwa uzito wa ioni zake) tuna kishawishi chetu: kuchopoa kwa asetonitrili, maji na asidi asetiki kwa 79:20:1, kupunguza, kudunga, na kupata sumu kadhaa kwa mpigo. Inafanya kazi, na kwa chakula cha mifugo ndiyo njia inayokuonyesha DON, zearalenoni, fumonisini, okratoksini A na aflatoksini kwenye sampuli moja. Lakini kila kinachotoka kwenye kolamu pamoja na sumu yako huingilia ioni zake. B1, ikisomwa kwa ioni ya uzito 313 inayovunjika kuwa 285 na 241, inaweza kupoteza nusu ya ishara kwenye chakula chenye mafuta na pumba, huku kwenye mahindi ikipoteza kidogo tu. Ukitumia kalibresheni ya kiyeyusho kitupu, namba zote za chakula cha mifugo zitakuwa chini, na zitakuwa chini kwa kiasi tofauti kila siku mchanganyiko unapobadilika.

Tiba bora ni sumu sanifu yenye kaboni 13, iongezwe kwenye kila sampuli. Ikiongezwa mwanzoni kabla ya kuchopoa inafidia pia hasara za njiani. Ikiongezwa mwishoni inafidia mashine tu, usisahau kuandika ni ipi. Ukiwa huna, tengeneza kalibresheni ndani ya mchujo wa chakula kinachofanana kisicho na sumu. Kama hupati kisicho na sumu, na kwa chakula cha mifugo mara nyingi hupati, tumia njia ya kuongeza: gawa mchujo uleule, ongeza viwango vitatu, chora mstari, soma unapokatiza mhimili.

Uwiano wa ioni mbili uangaliwe kila sampuli. Muda sahihi pekee hautoshi kuita kilele B1.

---

Mashudu

Hoja moja ambayo sijaona ikijadiliwa. Chakula kingi sasa kina udongo wa bentonaiti wa kufunga sumu. Udongo huo huo haufungi sumu ndani ya chupa yetu ya kutikisia?

---

Ioni313

Unafunga, na hii ni hoja nzito. Aflatoksini hujipachika kati ya tabaka za udongo na methanoli yenye maji haiitoi yote. Ukifanya jaribio la urejeshaji kwa kuongeza sumu dakika chache kabla ya kuchopoa, unaweza kupata asilimia nzuri, kwa sababu sumu bado haijapata muda wa kuingia. Ongeza, loanisha kidogo, acha usiku mzima, ndipo uchopoe. Asilimia zikianguka, umepata jibu la swali lako. Zaidi ya hapo, pima mahindi na mashudu kabla hayajachanganywa na udongo. Fomu ya kupokea sampuli iwe na swali: kuna kifunga sumu ndani, ndiyo au hapana.

---

Chekeche

Nashukuru kwa hilo, liwe kwenye fomu ya kila maabara.

Niongeze udhibiti. Kwa kila kundi la sampuli: tupu moja ya kiyeyusho (bila sampuli), sampuli tupu ya nafaka (isiyo na sumu), moja iliyoongezwa sumu, moja iliyorudiwa, na nyenzo ya rejea yenye cheti kama ipo. Kuongeza ni hivi: gramu 50 za mahindi safi, lengo 10 µg/kg, unahitaji ng 500, yaani ml 0.5 ya myeyusho wa µg 1 kwa ml. Umwagie sehemu mbalimbali za unga, kiyeyusho kiruke, ndipo uendelee. Kwa aflatoksini kati ya 1 na 10 µg/kg, urejeshaji uliokubalika Umoja wa Ulaya chini ya kanuni iliyotumika hadi 2024 ulikuwa asilimia 70 hadi 110.

Kwenye vipimo vya ulinganisho kati ya maabara, alama ya z (umbali wa jibu lako kutoka jibu la pamoja) ndani ya 2 ni sawa, kati ya 2 na 3 tafuta sababu, 3 na zaidi simamisha kutoa majibu hadi sababu ipatikane. Kukosea mara 1,000 ndiko kunakotokea zaidi kuliko watu wanavyofikiri: DON huandikwa kwa mg/kg, aflatoksini kwa µg/kg, na jedwali la mtu mmoja hunakiliwa kwenda kwa mwingine.

Ripoti iseme mambo haya: uzito wa sampuli iliyopokelewa, uzito uliosagwa, njia, kikomo cha kuona na cha kupima, urejeshaji na kama jibu limerekebishwa, na shaka ya kipimo. Kama 7.2 ina shaka ya asilimia 40, ukweli uko kati ya 4.3 na 10.1. Kikomo kikiwa 5, mkaguzi anayepaswa kuthibitisha bila shaka hawezi kukataa shehena hiyo kwa namba hiyo pekee. Mwenye kiwanda anayelinda watu na wanyama, kwa upande wake, asiitumie shehena hiyo.

---

Kisima96

Kuhusu stripu za haraka, kwa ufupi kwa wanaozitumia ghalani: nazo ni za ushindani. Mistari miwili ni chini ya kikomo, mmoja wa udhibiti pekee ni juu ya kikomo, na usipoonekana wa udhibiti stripu imekufa. Soma kwa dakika ileile iliyoandikwa. Ikikauka rangi hubadilika. Na stripu ya sampuli iliyochotwa vibaya ina tatizo lilelile la sampuli iliyochotwa vibaya.

---

MwangaBluu

La miyeyusho sanifu, maana kosa hapo linahamia kwenye kila jibu. Usiamini lebo baada ya chupa kufunguliwa. B1 kwenye tolueni na asetonitrili 9:1 isomwe karibu na nm 350, kwenye kuvete ya sm 1. Zidisha usomaji kwa 312 na 1,000, gawa kwa 19,300, unapata µg kwa ml. Usomaji wa 0.62 ni takribani µg 10 kwa ml. Chupa ya kahawia, gizani, kwenye friza, na ipimwe uzito kabla na baada ya kila matumizi ili ujue kiyeyusho kilichoruka. Miyeyusho ya maji iliyo hafifu hushika kwenye kioo, kwa hiyo vyombo vya kioo vioshwe kwa asidi na kusuuzwa vizuri.

Usalama: B1 ni kisababishi cha saratani kwa binadamu, na hatari kubwa zaidi maabara ni vumbi la kusagia na unga mkavu wa sumu sanifu. Kusaga kufanyike mahali pa kunyonya hewa, barakoa ya chembe na glovu. Nunua sumu sanifu iliyokwisha kuyeyushwa, usipime unga wa miligramu kwenye mizani. Vyombo viloweke kwenye sodiamu hipokloraiti ya asilimia 1 saa mbili, halafu ongeza asetoni ifike asilimia 5 ya ujazo, nusu saa nyingine, ndani ya kabati la kunyonya hewa. Asetoni ni ya kuvunja zao la klorini la B1 ambalo nalo ni hatari. Usichanganye kamwe hipokloraiti na asidi ya kusimamisha ya ELISA. Itatoa gesi ya klorini.

---

Mashudu

Sampuli ya akiba ikae vipi, ikitokea mgogoro?

---

Chekeche

Ihifadhiwe iliyosagwa, kutoka kigawanyio kilekile, si punje nzima. Punje nzima ukizisaga baadaye ni sampuli nyingine. Igawe tatu: ya maabara, ya mwenye mali, ya mwamuzi, kila moja ifungwe na kusainiwa mbele ya pande zote, kisha nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Siku ya kupima tena, acha mfuko ufike joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu wa hewa unatua kwenye unga baridi na mizani inapima maji pamoja na sampuli.